Nguo Hazikukauka

Jumatatu, 4 Machi
Mvua imeanza. Kila msimu wa mvua nafungua daftari jipya na kuandika siku ipi nguo zilikauka na siku ipi hazikukauka, ili mwakani nijue mteja nimwahidi siku ngapi. Dobi anayeahidi kwa kubahatisha hutukanwa mlangoni pake. Leo basi: mvua tangu saa nne asubuhi, hazikukauka. Kazini tuko watatu. Mimi niko kwenye mabeseni, Mzee wa Pasi kwenye meza yake, na binti yangu kwenye kamba. Binti ana miaka kumi na saba. Mtaani wamembandika jina la Bi Ndiyo, maana umuulize lolote, jibu lake ndilo hilo. Asubuhi nilimwambia: ukiona wingu, anua mashuka, yakunje, yapange kwa rangi za nyuzi za wateja, halafu njoo unisaidie kukamua. Wingu aliliona. Akakaa akalitazama mpaka mashuka yote yakalowa.

Jumanne, 5 Machi
Hazikukauka.

Jumatano, 6 Machi
Zilikauka nusu. Nimemuuliza kwa nini juzi hakuanua, akasema alianua. Nikamwonyesha mashuka yaliyonuka uvundo. Akasema alianua, kisha akaja mwanamke mwenye mwavuli akayaanika tena. Alinieleza mpaka rangi ya mwavuli, macho makavu kabisa. Uongo wenye mwavuli ndani yake hauji kwa bahati mbaya, mtu ameketi akautunga. Nimemnyima chakula cha mchana. Mzee wa Pasi akamgawia chake, akidhani sioni.

Ijumaa, 8 Machi
Hazikukauka. Kila mteja wangu ana uzi wake, nyekundu au kijani au njano, naushona kwenye pindo la nguo zisichanganyike. Leo Bi Ndiyo amemkabidhi mchungaji sketi za mwalimu. Uzi wa mchungaji ni mweupe na wa mwalimu ni mweusi, hata kipofu angepapasa akajua. Mchungaji alicheka mpaka akakaa chini. Mimi sikucheka.

Jumapili, 10 Machi
Jua lilitoka kwa muda wa saa tatu tu. Leo sifui, kwa hiyo nina nafasi ya kuandika. Huyu mtoto shule ilimtapika. Darasa la pili alilirudia mara tatu. Anachokijua leo, kesho kimefutika, na keshokutwa anakijua tena, basi walimu wakasema anajitia hamnazo. Wakasema ni mkaidi, na ni mvivu. Nilikubaliana nao haraka sana, maana maelezo hayo yalikuwa nafuu kwangu.

Jumatano, 13 Machi
Hazikukauka. Kamba zimeota ukungu.

Ijumaa, 15 Machi
Hazikukauka. Dumu la dawa ya kung'arisha nguo nyeupe limepasuka. Dawa nimeihamishia kwenye dumu tupu la sabuni ya maji, na kwenye mpini nimefunga kitambaa chekundu ili lisichanganywe na dumu la sabuni. Nimemwambia Bi Ndiyo mara tano: lenye kitambaa usiliguse. Ndiyo, mama. Ndiyo, mama. Kama redio iliyokwama.

Jumatatu, 18 Machi
Upepo. Turubai la uani limeng'oka. Nimelifunga upya kwa chochote kilichokuwa karibu: waya, kamba ya katani, kile kitambaa cha dumuni. Hazikukauka.

Alhamisi, 21 Machi
Hazikukauka. Matroni wa hospitali ameleta sare za wauguzi, za bluu, thelathini na mbili, mpya bado zina harufu ya dukani. Anazitaka Jumamosi bila kukosa, kuna wageni wa kukagua hospitali. Huyu ndiye mteja anayetulisha, hao wengine ni wa kuchangamsha mlango. Nimeziloweka mwenyewe jioni mvua ikinipiga mgongoni.

Ijumaa, 22 Machi
Nina hasira mpaka kalamu inatoboa karatasi.

Asubuhi nilifunua mabeseni. Sare zote zimebabuka. Si bluu, si nyeupe, zina mabaka kama ukuta uliovuja. Mtu ametia dawa ya kung'arisha kwenye maji ya kulowekea. Sikuhitaji kupiga ramli. Nilimkuta anafagia, nikamvuta mkono mpaka kwenye beseni.

"Umefanya nini hapa?"

"Sijui, mama."

"Nani ametia dawa?"

"Sijui."

"Basi ni Mzee wa Pasi? Ni mimi?"

Akanitazama usoni. Huwa ananitazama hivyo, kama mtu anayesoma kibao cha barabarani kwa mbali. Nikaendelea kuuliza. Naandika ukweli, niliuliza kwa muda wa kuchemsha birika mbili za maji. Sikumpiga, nilimsogelea tu kila alipojibu sijui, mpaka mgongo wake ukafika ukutani. Mwisho akasema, "Ni mimi."

"Ulitiaje?"

"Nilimimina kwa kikombe cha bluu."

"Saa ngapi?"

"Ulipokuwa umelala. Nilitaka ziwe nzuri."

Mzee wa Pasi akasema, "Mama, humu ndani hamna kikombe cha bluu." Nikamwambia apige pasi.

Nimemvalisha binti sare moja iliyobabuka, nimemkalisha kwenye benchi la barazani, kila anayepita amwone. Wateja wakiuliza anajibu mwenyewe: ni mimi niliyeharibu. Jana yote alikuwa hatulii kwenye kazi, leo kwenye benchi ametulia tuli. Hata hilo limenikera.

Jumamosi, 23 Machi
Hazikukauka. Nilimrudisha kwenye benchi asubuhi.

Matroni alifika saa tano. Ni mwanamke mnene, mpole wa sauti, na upole wake ndio unaotisha. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi. Hakunitukana. Alizitazama sare, kisha akatoka barazani, akaketi kwenye benchi kando ya binti yangu.

"Nani ameharibu nguo zangu, mwanangu?"

"Ni mimi."

"Uliziharibu kwa nini?"

"Nilikuwa na hasira." Kwangu alisema alitaka ziwe nzuri.

"Na mvua hii ya wiki tatu, nani ameileta?"

Binti akamtazama usoni kwa ule mtazamo wake.

"Nasikia ni wewe uliyeileta. Ni kweli?"

"Ndiyo. Ni mimi."

Matroni akaniita ndani, akafunga mlango mwenyewe kana kwamba nyumba ni yake. Akasema, "Huyu hasemi uongo. Kumbukumbu zake zina matundu, na ukimbana anayaziba kwa chochote kilicho karibu. Anasoma uso wako, anakupa unachotaka, ili umwache. Ulimwona nani akitia dawa?"

"Amekiri."

"Amekiri na mvua."

Akaniuliza mambo mengi. Alizaliwa na uzito gani, alinyonya vizuri, alitembea lini. Nikajibu. Akamtazama tena kupitia dirishani, hasa uso, kisha akasema kliniki yao ina daktari anayewaona watoto wa namna hii, na nyuma ya hospitali kuna karakana ambako vijana kama yeye wanafundishwa kazi, kila mmoja na msimamizi wake wa kumwongoza hatua kwa hatua. Nafasi ni kumi. Orodha inafungwa tarehe 30 Aprili, na bila karatasi ya daktari hupokelewi. "Mpeleke," akasema. "Siku moja atakiri kosa kubwa kuliko nguo, mbele ya watu wasiomjua."

Kazi ya hospitali amenipokonya papo hapo. Hilo nalo alilisema kwa upole.

Jumapili, 24 Machi
Nimerudi nyuma kurasa chache kutafuta siku zilizokauka. Nikasoma tarehe 15. Nikasoma tarehe 18. Nikasoma tarehe 21.

Nikatoka uani. Kitambaa chekundu kiko kwenye turubai nilikokifunga kwa mikono yangu. Madumu mawili yamesimama sawasawa kama mapacha. Alhamisi jioni nilimimina mwenyewe nikidhani ni sabuni, kwa haraka, na mvua ilikuwa kubwa kiasi kwamba hata harufu sikuisikia. Binti hakuwepo kabisa. Nilikuwa nimemtuma kiberiti, na akarudi na mshumaa.

Alikuwa barazani, amejikalisha kwenye benchi bila kuambiwa, na ile sare. Nikamwambia aivue, imetosha. Sababu sikumwambia. Dobi akishajulikana haoni madumu yake, kwisha habari yake. Nimeficha daftari chini ya godoro.

Jumatano, 3 Aprili
Zilikauka. Siku ile Matroni alinipa masharti: jambo moja kwa wakati mmoja, maneno machache, umwonyeshe kwa mkono, na kamwe usimuulize kwa nini. Nilidhani ni maringo ya watu wa hospitali. Leo nikajaribu ili nimkomeshe Matroni moyoni mwangu. Nikasema, "Anua." Nikanyamaza. Akaanua. Nikasema, "Kunja hivi." Akakunja. Mashuka arobaini, na kona zote zimekutana. Mzee wa Pasi akaniangalia kwa jicho moja. Nikamwambia asinitolee macho.

Sikufurahi. Nilihesabu miaka niliyompigia kelele, nikaacha kuhesabu.

Ijumaa, 5 Aprili
Zilikauka nusu. Nimebandika ukutani kipande cha kila uzi, na chini yake picha: kwa mchungaji nimechora msalaba, kwa mwalimu kitabu. Siku tatu hajakosea hata nguo moja. Mchungaji amelalamika kwamba hana tena cha kuchekea.

Jumanne, 9 Aprili
Hazikukauka. Kuna kitu nimekifanya leo na nisipokiandika nitajifanya nimesahau. Tulikuwa tunakamua blanketi, yeye upande wake na mimi wangu. Nikamtazama usoni, nikakaza sura kidogo, nikasema, "Baba yako alituacha. Nadhani ni wewe uliyemfukuza."

"Nilikuwa mkubwa?"

"Ulikuwa mdogo. Lakini ni wewe, sivyo?"

"Ndiyo. Ni mimi."

Nikasikia raha. Ilikuwa fupi, ila ilikuwa raha, kama kutua ndoo kichwani. Kisha nikamuuliza, na kuugua kwake utotoni, ni yeye? Ndiyo. Na nyumba ya kwanza kutushinda kodi? Ndiyo, ni mimi. Nilimtwisha miaka kumi na saba pale kwenye blanketi moja, akaipokea yote. Akaniuliza kama tumemaliza kukamua.

Jumatano, 17 Aprili
Sikuanika. Tumekwenda kliniki. Daktari ni kijana mwenye mikono safi kupita kiasi. Alimpima kichwa kwa utepe, akampima macho na mdomo wa juu kwa rula ndogo, akampa vibao vya kupanga na hadithi ya kusimulia. Hadithi aliisimulia vizuri, ila si ile aliyopewa.

Kisha akamtoa nje kwa muuguzi, akaniuliza kwa sauti ya mtu anayeuliza saa, "Ulipokuwa na mimba yake, ulitumia kileo?"

"Hapana."

"Hata kabla hujajua kwamba ni mjamzito?"

"Nimesema hapana."

Hakubishana. Akasema pombe ya mama humfikia mtoto tumboni na kuvuruga jinsi ubongo unavyojijenga, na wengi wa watoto hao huitwa waongo na wavivu maisha yao yote, kwa sababu kidonda hakionekani. Haiponi, akasema, lakini mtu akiwekewa mpangilio na watu wa kumsimamia, anaishi na anafanya kazi. Usoni mwa binti alama zake ni hafifu, kwa hiyo bila neno la mama hawezi kuandika. "Nitaandika chanzo hakijulikani. Karakana hawatampokea kwa hilo. Ukikumbuka lolote, rudi kabla ya tarehe 30."

Ukikumbuka. Amenipa mlango wa kutokea kwa heshima. Nimeondoka nikiwa nimenyoosha shingo.

Jumapili, 21 Aprili
Jua. Mdogo wangu amekuja na watoto wake watatu, wote wanajua kujifungia viatu. Nilimwambia daktari hakuona kitu. Akaacha kumenya viazi.

"Dada, alikuuliza?"

"Aliniuliza nini?"

"Dada, mimi ndiye niliyekuwa natupa chupa zako. Nilikuwa nazifunga kwenye gazeti nazipeleka mbali ili wapangaji wasione."

Nikamwambia hayo yalikuwa ya zamani, nimeacha tangu mtoto alipofikisha mwaka, hakuna hapa mtaani anayejua kwamba niliwahi kunusa. Na ni kweli. Mtaani mimi ndiye ninayewasema walevi. Wanawake huniletea waume zao niwape vidonge vyao.

"Kwa hiyo mtaa usijue, mtoto aitwe mwongo," akasema mdogo wangu.

Nikamfukuza. Alingoja watoto wake wajifungie viatu vizuri tu, akaondoka, na viazi nikamalizia kumenya mwenyewe.

Jumatano, 24 Aprili
Zilikauka.

Alhamisi, 25 Aprili
Zilikauka. Nimekata kauli. Siendi. Atakaa na mimi, kazi anaiweza, picha ziko ukutani. Karakana ya nini?

Jumamosi, 27 Aprili
Nilimtuma sokoni. Kitu kimoja, kama nilivyofundishwa: sabuni ya mche. Nikamwonyesha mche ili aujue. Njia anaijua.

Saa sita Mzee wa Pasi akaja mbio kutoka kununua mkaa, na huyu mzee hakimbii. Akasema, "Wamemzunguka."

Yaliyotokea nimeelezwa na muuza nyanya, aliyeona mwanzo hadi mwisho na hakuinua kidole. Mwanamke mmoja alipiga kelele kwamba simu yake haipo. Binti yangu alikuwa amesimama karibu, anatazama nyanya. Mtu akamuuliza, wewe umeichukua? Akasema sijui. Wakauliza tena, wakiwa wengi na wakiwa karibu. Hakuna aliyemfundisha sura za watu wale, lakini sura zote za namna hiyo ni sura yangu. Akasema, "Ni mimi." Wakamuuliza simu iko wapi. Akasema ameitia kwenye kikombe.

Nilipofika walikuwa wameshafanya walichofanya. Jicho moja limefunga. Mdomo wa juu umepasuka. Kiatu kimoja hakipo. Mtu mzima mwenye shati lililopigwa pasi, nadhani na Mzee wangu, alikuwa ameshika ufagio kwa upande wa mpini. Nilijilaza juu ya binti yangu, ndipo wakaacha, kwa sababu wananijua. Mmoja akaniambia, "Mama, tusamehe, lakini amekiri mwenyewe."

Simu ilikuwa kwenye kapu la yule mwanamke mwenyewe, chini ya mchicha. Alicheka sana kwa aibu, kisha akaenda zake.

Muuza nyanya akanionyesha mche wa sabuni mkononi mwa binti. Aliushika muda wote, hakuuachia hata kidogo.

Nimemwosha kwa maji ya vuguvugu. Sikumuuliza chochote. Akaniambia, "Mama, nilisema vizuri. Nilisema haraka, kama unavyotaka." Nikalia mbele yake, akadhani sabuni niliyotaka ni nyingine.

Jumatatu, 29 Aprili
Hazikukauka, au zilikauka, sikutoka kutazama.

Jumanne, 30 Aprili
Jua kali. Tulikuwa kliniki kabla mlango haujafunguliwa.

Daktari aliona uso wa binti, akalitazama kwanza lile jicho lililofunga. Alitaka atolewe nje kama mara ile, lakini binti alinishika gauni akakataa kuachia, na muuguzi akashindwa kumbandua. Nikasema abaki. Nilidhani ni ujasiri. Sasa naona nilitaka tu yaishe upesi.

"Nimekumbuka," nikasema. Kisha nikaona haya kwa neno hilo. "Sikusahau. Nilikunywa. Tangu mwezi wa kwanza mpaka uchungu uliponishika. Asubuhi kabla ya kufua, na mchana nikichanganya na soda ili harufu isitoke. Nilijua nina mimba. Tumbo lilipokuwa kubwa, chupa nilikuwa naiegemeza juu yake."

Akauliza kiasi gani kwa siku. Nikamwambia. Akaandika bila kuinua uso, na nilimshukuru kwa hilo. Karatasi ikapata mhuri. Akasema Matroni ameshikilia nafasi moja, ya kumi, na ataanza Jumatatu ijayo. Kisha akamgeukia binti, akasema polepole, maneno machache, kama inavyotakiwa.

"Ulipokuwa tumboni mwa mama, pombe ilikufikia. Ndiyo maana kichwa chako kinachoka upesi. Si kosa lako. Umeelewa?"

"Ndiyo," akasema.

Tukatoka. Korido ilikuwa imejaa, benchi mbili za watu wanaosubiri, na kati yao mwalimu mteja wangu, na mama mmoja wa mtaani kwetu ambaye mwaka jana nilimwita mlevi mbele ya mumewe. Binti akasimama katikati ya njia. Akanitazama usoni kwa jicho lake moja lililo wazi, akatazama sana, akakiona alichokiona.

"Mama, samahani," akasema kwa sauti yake ya kawaida, ambayo si ndogo. "Nilikunywa pombe nikiwa tumboni. Ni mimi. Sitarudia."

Mtu akacheka. Mwalimu akainua kichwa kutoka kwenye gazeti. Yule mama wa mtaani akawa anatutazama, mimi na yeye, mimi na yeye.

Maneno niliyapata. Nilikuwa nimetoka kuyasema mbele ya daktari, bado yalikuwa mdomoni. Ilikuwa ni kuyarudia tu, kwa sauti kama ya kwake.

Nikamwambia, "Nimekusamehe."

Akafurahi sana. Akanipokea mkoba, akanishika mkono, na njia nzima hadi nyumbani hakuuachia.